MJADALA: Ndugu aliyeokoka aseme wazi kwenye matanga kwamba hatarithi mjane, ama afanye "ya koti" kimya kimya?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na salamu pia kwa wale hawasalimiani hivyo, hii mada ni ya wote.

Kuna swali huku kwetu Wajaluo, Kisumu, Siaya mpaka Homa Bay, watu wanaliongea kila Jumamosi wakitoka mazishi lakini wakifika mbele ya wazee wote midomo inafungwa. Mtu ameokoka, ni mtu wa Injili kabisa, kanisani akishuhudia watu wanalia. Ndugu yake anafariki. Wazee wa ukoo wanakaa chini ya mti wanasema mjane yuko kwa chola, yaani hali ya unajisi wa msiba, lazima apate jater, mwanaume wa kumrithi, na macho yote yanamgeukia huyu ndugu. Je, asimame aseme wazi kwamba Kristo hamruhusu? Ama afanye ile wengi wanafanya siku hizi, koti yake inapelekwa inatundikwa kwa nyumba ya mjane usiku mmoja, wazee wanaambiwa mambo tayari, kila mtu anaenda kwake na kanisa halijui?

Mimi nasema aseme wazi. Na sio kuambia pasta wake kando, ama kusema kwa ushirika wa Alhamisi mahali kila mtu ni Amina Amina. Aseme pale pale kwa boma wazee wakisikia, mjane akisikia, watoto wake wakisikia.

Kwa wale si wa huku nieleze kidogo. Mjane ambaye hajarithiwa kuna vitu anakatazwa, kuingia kwa nyumba za watu ovyo, kujenga nyumba mpya ama kugusa paa, kutangulia kupanda na kuvuna kama si zamu yake. Akivunja anaambiwa chira, laana ya kuvunja mila, itaingia, mtoto atakonda akonde mpaka afe. Sasa uone vile hiyo shinikizo inafanya kazi, haimpigi mama peke yake, inapitia kwa watoto, kijana wake akitaka kutoka ajenge boma lake anaambiwa ngoja, msichana akitaka kuolewa anaambiwa mama yako kwanza amalize mambo yake. Hapo ndio watu walioimba na kushuhudia miaka mingi wanainama, na mimi siwacheki, juu hakuna mzazi anapenda kusikia mtoto wake atakufa kwa sababu ya ukaidi wake.

Mimi nimekuwa huyo ndugu. Kaka yangu mkubwa alipotuacha jina lililotajwa ni langu, na bibi yangu alikuwa amekaa hapo hapo na wamama wengine. Nilisimama nikasema mimi ni mtu wa Yesu, niko na mke mmoja, shemeji yangu nitamlimia na watoto wake nitawatafutia karo kama wangu, lakini kwa kitanda chake sitaingia na koti yangu haitatundikwa. Mzee mmoja akatema mate chini. Mwingine akaniuliza kama wazungu walioleta hicho kitabu ndio watakuja kuzika watoto wa ndugu yangu. Sikuwa na maneno matamu, nilirudia tu yale nimesema nikakaa.

Kitu ambacho sikutarajia ni vile shemeji aliniambia baadaye. Alisema alikuwa amejitayarisha kukubali hiyo koti, moyo wake haukutaka lakini alidhani mimi ndiye nataka, na akikataa peke yake ataitwa mwanamke wa kichwa ngumu ambaye pengine hata ndiye alimuua bwanake. Kumbe sisi wawili tumeokoka, tunasoma Biblia moja, na kila mmoja alikuwa anangoja mwingine aseme! Ndio maana hii mambo ya "nitanyamaza tu, Mungu anajua moyo wangu" naipinga na nguvu zangu zote. Mungu anajua moyo wako ndio, lakini mjane hajui. Mtoto hajui. Kijana mwingine wa ukoo ambaye ataletewa kesho kitu kile kile hajui kwamba inawezekana kukataa.

Haya, leteni maoni, wazee pia karibuni, sitamtusi mtu.

JIBU (kutoka Bondo)

Kijana wangu nimekusoma mpaka mwisho. Mimi ni mzee wa ukoo na pia ni Mkristo, nimebatizwa na kipaimara nimepata, kwa hivyo usinione kama mtu wa giza. Ter, huku kurithi mjane, haikuanza kama uchafu. Ilikuwa ni ulinzi. Mama alibaki kwa boma la bwanake, watoto walibaki na jina la baba yao, jater hakuchukua shamba, alikuwa anasimamia tu nyumba ya ndugu yake isianguke. Hata kitabu chenu kinasema ndugu amchukue mjane wa nduguye, soma Kumbukumbu la Torati 25. Ruthu je? Sasa kama ilikuwa dhambi Mungu angeiamuru?

Halafu nikwambie ukweli unaouma. Nyinyi walokole mnakuja mazishini na mikrofoni, mnahubiri mpaka maiti inakaribia kuoza, mnakemea mila, mnakula, mnapanda gari mnarudi Kisumu. Mama anabaki na paa inavuja na majirani hawamtembelei. Nani kati yenu hurudi?

JIBU (kutoka Nakuru)

Mimi nimezaliwa huku Nakuru, kwetu ni huko Alego lakini tunaenda Krismasi na mazishi tu. Naona mnafanya kitu kidogo iwe kubwa. Koti ni nguo tu. Hakuna mtu amelala na mtu, wazee wameridhika, mama ameachwa kwa amani, mtu ameokoka amebaki ameokoka. Imani ni kitu cha moyo wa mtu binafsi, siku hizi kuna kelele za dini kila mahali, kwa matatu unahubiriwa, sokoni unahubiriwa, na tumeona msitu wa Shakahola huko Kilifi 2023 vile msimamo mkali umepeleka watu kaburini, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kwa ule msitu. Kwa hivyo mtu akiniambia "shikilia imani bila kulegeza" mimi naogopa kidogo. Afadhali mtu anyamaze aishi na watu vizuri.

JIBU (mama, Rachuonyo)

Niruhusuni niongee juu mnaongea kuhusu sisi. Mimi ni mjane, nilikataa. Nilisema Yesu ndiye jater wangu nikaweka Biblia mezani wazee wakiwa wamekaa. Wazee walinisumbua lakini hao nilikuwa nimewatarajia. Kilichoniuma ni watu wa kanisa. Kuna waliookoka kabisa walikuwa hawali kwangu. Fundi wa kwanza wa mabati ni mtu wa kwaya na alikataa kupanda juu ya paa langu. Na kiongozi mmoja wa kanisa alinishauri chini chini "mama si uweke tu hata koti ya mtu wa mbali, yaishe." Hiyo siku nililia kuliko siku ya mazishi. Wamama wa ushirika ndio walinitafutia fundi kutoka mbali na wakanikandikia nyumba. Baba wa mada, hiyo msimamo yako ni nzuri, lakini uliza pia kanisa linasimama wapi.

MWENYE MADA

Nimerudi, nilikuwa kazini. Naanza na kijana wa Nakuru.

Koti si nguo tu ndugu yangu, ingekuwa nguo tu wazee hawangeitaka. Wanaitaka kwa sababu inasema kitu: kwamba huyu mama alikuwa na laana na sasa imetolewa na mwanaume. Na Injili yenyewe inasema laana yetu iliwekwa juu ya Kristo, Wagalatia 3:13. Hizo habari mbili haziwezi kukaa kwa nyumba moja, ukitundika koti umehubiri, na mahubiri yako yamesikika kuliko ya pasta.

Shakahola inaniuma kama inavyokuuma na nashukuru umeitaja. Lakini angalia vile ilienda. Pale watu walitengwa msituni mbali na serikali na jamaa zao, wakafundishwa wajinyime chakula mpaka kufa. Mimi naongea juu ya mtu kusimama mchana mbele ya ukoo wake mzima, akaulizwa maswali na akajibu, na anayebeba hasara ni yeye mwenyewe, sio mtoto wa mtu. Imani iliyo wazi unaweza kuipinga, kama vile unafanya sasa, na hiyo ndiyo inatukinga na akina Shakahola.

Na wewe uko Nakuru! Hapo ndipo Ndingi Mwana a'Nzeki alikuwa askofu wa Katoliki kutoka 1971 hadi 1996, na vita vya kikabila vilipowaka 1992 watu wakichomewa Molo na kwingine hakusema imani ni ya moyo, alisema hadharani vile anaona na serikali ikamchukia. Huku upande wetu Askofu Alexander Muge wa Anglikana Eldoret aliambiwa na waziri Peter Okondo asikanyage Busia, akikanyaga anaweza asitoke hai. Alienda. Tarehe 14 Agosti 1990 akirudi alikufa barabarani, gari lake liligongana na lori. Mimi si askofu na mazishi ya kaka yangu si siasa za nchi, lakini sijawahi kuona mtu aliyenyamaza mbele ya wazee wake wa nyumbani halafu akapata mdomo mbele ya waziri.

Sasa jaduong', mzee wangu wa Bondo, na nakujibu kwa heshima juu umeongea kama baba. Kumbukumbu 25 nimeisoma sana kwa ajili ya hii mambo. Inasema ndugu akifa "asiwe na mwana". Kaka yangu ameacha watoto. Na pale mwanaume akikataa, mjane ndiye anamvua kiatu mbele ya wazee, yaani haki ilikuwa ya mama kudai, sio ya ukoo kumlazimisha. Ruthu vile vile, yeye mwenyewe ndiye alienda kwa Boazi, na Boazi akamaliza maneno langoni mchana mbele ya wazee kumi. Halafu Paulo anasema kwa 1 Wakorintho 7:39 mjane yuko huru kuolewa na mtu amtakaye, katika Bwana tu. Amtakaye yeye! Kama shemeji angempenda mtu asiye na mke wakaoana kanisani ningekuwa wa kwanza kuchinja.

Na ile ulinzi umesema, mimi naamini zamani ilikuwa hivyo. Lakini sasa jaduong' wewe unajua kuna majater wa kukodishwa, mtu anatolewa mbali analipwa na kupikiwa ili asafishe nyumba moja aende nyingine. Huyo analinda nini? Na hii ni sehemu ya nchi ambayo uchunguzi wa Ukimwi wa nchi nzima wa 2018, ule wa KENPHIA, ulikuta virusi vya Ukimwi kwa asilimia 19.6 ya watu wazima Homa Bay na 17.5 Kisumu, wakati Kenya nzima ilikuwa 4.9. Miaka ya tisini watu walikonda wakaitwa wenye chira, tukazika nyumba nzima nzima tukisema walivunja mila.

Mtasema mila haibadiliki. Sisi Wajaluo tulikuwa tunang'oa meno sita ya chini, leo nani anang'oa? Tohara haikuwa yetu kabisa, na tangu 2008 serikali ilipoanza ile kampeni ya hospitali wanaume kwa maelfu wamepanga laini na wajukuu wako pengine wamo. Ilibadilika kwa sababu kuna watu walisimama wakasema mbele ya wengine. Daktari akisema tunabadilika, basi kwa nini Kristo akisema tunaambiwa tunadharau babu zetu?

Sheria pia iko, ingawa mimi sikusimama kwa sababu ya sheria. Katiba ya 2010 kifungu 44 inasema hakuna mtu atamlazimisha mwingine afanyiwe desturi yoyote ya kitamaduni, na ile sheria ya 2015 ya kulinda watu na dhuluma za nyumbani imetaja kwa jina kurithiwa kwa lazima na kutakaswa kwa wajane. Ukoo uko na haki ya mila zake, sikatai. Hauna haki juu ya mwili wa mama wa watu.

Lakini lile swali lako, nani hurudi, hilo sina la kukupinga nalo. Umesema kweli na mama wa Rachuonyo ametia muhuri. Mama pole sana. Huyo fundi wa kwaya na huyo kiongozi wa koti walikuwa wanaogopa chira kuliko wanavyomwamini Yesu, na makanisa yetu yanajua yamejaa watu kama hao na hayasemi. Wale wa uamsho ulioanza Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukafika mpaka huku Nyanza walikuwa na neno lao, kutembea nuruni, mtu anasimama anasema yaliyo moyoni mwake mbele ya wote. Naomba ndugu wafanye hivyo kwa hii jambo: Jumapili mtu aulizwe wazi, wewe ungekula kwa nyumba ya mjane hajarithiwa? Ungepanda juu ya paa lake? Kama jibu ni hapana tujue, tuombe pamoja, halafu twende tukale huko sisi wote. Kwa shemeji tulifanya hivyo na mvua ya kwanza, tulienda kumlimia kabla ya shamba langu, na kuna jirani alisimama njiani anangoja kuona nani ataanguka.

JIBU (mama, Rachuonyo)

Asante baba. Nina lingine. Wanaambia mwanangu kwamba kwa sababu sikurithiwa sina haki ya shamba la baba yake, na chifu anachelewesha barua. Ni kweli?

MWENYE MADA

Si kweli mama. Kurithiwa na urithi wa shamba ni vitu viwili tofauti, mke wa marehemu na watoto wake wanatambuliwa na Sheria ya Urithi hata kama hujawahi kuona jater. Barua ya chifu ni ya kuonyesha korti nani ni familia ya marehemu, sio ya kuuliza kama umetakaswa. Nenda ofisini kwake siku ya kazi, usiende peke yako, enda na mwanao na wale wamama wawili watatu waliokukandikia nyumba, bebeni cheti cha kifo na vitambulisho, muulizeni mbele ya hao wote kwa nini barua haijatoka. Akikataa tena enda kwa naibu kamishna wa kaunti ndogo, na kwa korti uliza msajili akuelekeze. Na ukienda niambie siku, niko na jamaa wa ushirika huko upande wenu wanaweza kuja wakae na wewe kwa hiyo benchi.