Jiji likifika sufuri, moshi wa tanuri langu utaandikwa kwa nani?

MchomaMkaa_Isevya:
Wakuu, habari za jioni. Mimi niko Tabora, huu mwaka wa tisa nachoma mkaa kwa kibali upande wa Sikonge. Juzi redioni wanasema majiji makubwa yamejipangia kufika sufuri ya hewa ukaa kufikia 2050, yaani moshi upungue mpaka kile kidogo kinachobaki kimezwe na misitu au mitambo. Nikacheka peke yangu.

Magunia yangu yanaishia Mwanza. Napanga magogo ya miti ya mtundu na myombo, nafunika majani, juu udongo, nawasha, halafu nakesha nalo kama wiki hivi. Moshi wa mwanzo ni mweupe, mzito, unakaba. Ukigeuka mwembamba wa buluu najua limeiva, naziba matundu. Kilo 100 za magogo zinanipa kilo 15, nikibahatika 20. Zilizobaki zimepaa hukuhuku porini. Mama lishe wa Mwanza yeye anaona makaa mekundu tu, moshi hauoni.

Jiji likipiga hesabu zake, moshi wangu ni wa nani?

BajajiNyamagana:
Mkuu, moshi wa jiji ni magari. Shenzhen kule China, mwisho wa 2017 mabasi yote, zaidi ya 16,000, yalishakuwa ya umeme. Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, watuletee mabasi basi. Mkaa ni mambo ya huko kwenu.

Mhasibu_Mstaafu:
Wa huko kwenu, lakini mlaji ni wewe. Miji inahesabu kwa mafungu matatu: moshi unaotoka ndani ya mipaka, moshi wa umeme inaonunua, na unaotoka nje kwa sababu ya watu wa mjini. Wako, kaka, ni fungu la tatu, na hilo ndilo linalorukwa. Copenhagen kule Denmark walijitapa watafika sufuri 2025. Mwaka 2022 wakakiri haiwezekani, mtambo wa kunasa hewa ukaa kwenye kinu cha kuchomea taka umekosa fedha. Na hata wangefika, nyama na nguo walizoagiza nje hazikuwamo kwenye lile daftari.

MamaWawili_Cheyo:
Baba, pole na kukesha. Mie nina sufuria ya presha ya umeme. Maharage nusu kilo, nikasoma mita ya LUKU kabla na baada, hata uniti moja haikuisha. Ila ugali wa watu tisa hausongeki mle, huo bado ni wa jiko la mkaa, tusidanganyane. Serikali imesema kufikia 2034 asilimia 80 tupikie nishati safi. Mnunuzi wako akihama, wewe utakula nini?

MchomaMkaa_Isevya:
Dada, hapo umenigusa. Mwaka jana nilitundika mizinga 20. Kumi na mmoja ikaingia nyuki, nikarina sita. Shida ni kwamba nyuki wanafuata maua ya mtundu, na mtundu ndio ninaoukata. Sasa kuna upande mmoja wa mto nimeacha kushika shoka.

Mzee Mhasibu, hilo fungu la tatu linajazwa ofisi gani? Nipakie gunia moja niende nalo.