Braketi ya alteneta imevunjika mara ya tatu, hivi mafundi mnatufanyia makusudi?

Wakuu salamu tuziache leo, nimevurugwa.

Gari yangu ya zamani, bado ya kabureta, mkanda mmoja unazungusha alteneta inayochaji betri na wotapampu inayozungusha maji ya kupoza injini. Wenye gari za hivi mnajua, mkanda ukitoka hukosi chaji peke yake, maji nayo yanasimama, mshale wa temperecha unapanda na ukijifanya mbishi eti nimalizie safari unaunguza gasketi ya silinda hedi. Kwa hiyo braketi ya alteneta, kile kishikio kinachoifunga kwenye injini, kwangu sio kitu cha kufunga na waya alafu tukaagana kwa tabasamu.

Ilianza na kelele asubuhi, ule mlio wa mkanda unaoamsha majirani, alafu taa ya betri kwenye dashibodi ikawa inawaka inazima. Nikapeleka gereji. Fundi hata boneti hajaifungua vizuri kashanipa hukumu, "alteneta imekufa boss, tafuta nyingine". Umepima? Kimya. Mita ya kupimia umeme hana! Nikamwambia basi kaza kwanza mkanda tuone. Jamaa kachomeka mtaimbo kati ya injini na alteneta, kalalia kwa uzito wake wote, mkanda ukawa kama uzi wa gitaa. Mkanda wa namna hii ukiubonyeza kwa dole gumba katikati unatakiwa ubonyee kama sentimita moja hivi, wangu ulikuwa haubonyei kabisa, hapo beringi za alteneta na za wotapampu ndo zinalia kilio chao. Kelele ikaisha kweli, nikaona fundi huyu hapa. Wiki haijaisha nasikia KAA! chini ya boneti, alteneta imelala upande, sikio la braketi, pale penye tundu la bolti, limekatika.

Wa pili ndo kanimaliza kabisa. Huyu wa kuchomelea. Braketi ni ya aluminiamu, unaiona kwa macho, nyepesi, haishiki sumaku, yeye kaja na mashine yake ya kuchomelea mageti na fimbo za chuma. Nikamuuliza hii itashika? Kanijibu "mzee mimi nimeanza kazi hii zamani". Sawa. Kachomelea humohumo kwenye gari, mafuta ya injini yameganda kwenye ufa hata brashi hajapitisha, waya wa hasi wa betri hajachomoa, yaani diodi zangu za alteneta hazikuungua kwa huruma ya Mungu tu. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 za sentigredi, lakini ile ngozi yake ya oksaidi juu inataka zaidi ya 2,000, kwa hiyo unapiga moto juu panagoma huku ndani pameshakuwa maji. Ndo maana inataka kusuguliwa mpaka ing'ae, mashine ya TIG (ya kuchomelea kwa gesi) ya umeme wa AC na gesi ya agoni, na mtu mwenye mkono. Yeye kaniwekea matone ya chuma juu ya aluminiamu kama mate ukutani. Siku mbili. Siku mbili wakuu!

Wa tatu alionekana mwenye akili kidogo. Katengeneza kipande cha bapa la chuma, katoboa matundu, kafunga na bolti, imara kweli, hata mimi nilikisifia. Kasoro moja tu, alteneta imekaa mbele kuliko ilivyokuwa, puli yake, lile gurudumu linalopita mkanda, na puli ya kreki ya injini hazitazamani. Mkanda ukawa unaingia kwa mshazari, unaliwa upande mmoja, unga mweusi umejaa kila mahali, mara mkanda ukaruka. Nikarudi kwake na mkanda mkononi kaniambia nimenunua mkanda feki. Mkanda uliotoka kiwandani unatuhumiwa, bapa lililokatwa kwa kukadiria macho liko huru. Na hilo bapa nalo baadae likapasua sikio la pili, likabaki limening'inia.

Hapo nikasema basi, nikavaa nguo chafu nikalala chini mwenyewe na tochi. Na mi sio fundi!

Kwa wasiojua, alteneta inashikwa sehemu mbili. Chini kuna bolti ndefu, hiyo ndo bawaba yake, inabembea hapo. Juu kuna bapa lenye tundu refu, la kukazia mkanda. Ile bolti ya chini ndo inabeba kila kitu, na niliyoikuta ni nyembamba kuliko tundu, inacheza kama jino bovu, tundu lenyewe limeshakuwa la yai. Bushi ya chuma ya kujaza nafasi kwenye sikio haipo. Nikapanda mpaka braketi inapofungwa kwenye bloku, bolti zinatakiwa tatu, moja haipo kabisa, nyingine thredi zimekufa inazunguka bure, kwa hiyo mzigo wote wa alteneta umeshikwa na bolti MOJA. Sa hapo injini inatetemeka, mkanda unavuta, kitu kinagongwa mara elfu kila dakika, aluminiamu gani itavumilia? Hata ungechomelea na mashine ya kuundia ndege ingekatika tu.

Watu watatu wamepita hapo! Watatu wameona pamekatika, wote wakashughulika na palipokatika, hakuna hata mmoja aliyetikisa alteneta kwa mkono akajiuliza mbona inacheza.

Nilichofanya, maana najua kuna mtu atauliza. Nimechomoa waya wa hasi wa betri kwanza, ule waya mnene wa nyuma ya alteneta una moto muda wote hata ukiwa na ufunguo mfukoni, ukigusisha spana hapo na bodi utaona fataki. Braketi nimepata iliyotumika, ya injini ileile, sio "inayofanana". Tundu la thredi zilizokufa nimepeleka wakatoboa wakaweka thredi ya koili, yaani thredi mpya ya waya wa kujizungusha ndani ya tundu. Bolti ya chini mpya, ya unene wake, na bushi yake. Alafu nikaweka rula ndefu usoni kwa puli, zote zikagusa. Mkanda nikakaza kwa mkono, mtaimbo sikuugusa. Mita ikasoma volti 12.5 gari ikiwa imezimwa, nikawasha ikapanda 14.1 na nikiwasha taa kubwa bado iko 13.9, yaani inachaji vizuri.

Umeona? Ile alteneta "iliyokufa boss" ndo hiyohiyo. Ingekuwa nimemsikiliza ningeifungua nzima nikafunga nyingine juu ya braketi ileile mbovu, nayo ingeanguka.

Kinachoniuma zaidi ni bolti. Gari hii kabla ya hapo ilifunguliwa kubadilishwa wotapampu, gereji ya huyohuyo fundi wa kwanza, na ili utoe wotapampu lazima ulegeze alteneta. Ilienda na bolti yake ya asili na bushi, ikarudi na kijiti. Juzi kanipigia anachangamka, anauliza gari inaendeleaje na kama muda wa sevisi haujafika. Nikamuuliza bolti yangu iko kwenye gari ya nani.

Kakata simu.