Karamu ya Mwisho, dari ya Sistine na Arusi ya Kana: mbinu ipi ilistahimili?

turubai77:
Wakuu, tulinganishe michoro hii mitatu kwa ufundi, umaarufu tuuweke kando. Karamu ya Mwisho ya Leonardo, Milano, 1495 hadi 1498. Dari ya kanisa dogo la Sistine ya Michelangelo, Vatikani, 1508 hadi 1512. Arusi ya Kana ya Veronese, Venezia, 1563. Ya kwanza na ya tatu ziliagizwa kwa ajili ya mabwalo ya watawa. Kwa nini ile ya Milano ilianza kubanduka Leonardo angali hai, na dari ya Sistine imeshika hadi leo?

Mwanachokaa:
Jibu limo kwenye lipu: dari ya Sistine ni fresko, ya Milano siyo. Fresko ya kweli huchorwa juu ya chokaa mbichi. Lipu ya chini hupigwa nene na kuachwa na mikwaruzo, ikauke. Kisha kila siku hupakwa lipu laini, nyembamba, kwenye eneo linaloweza kumalizwa siku hiyo tu. Mchoro wa karatasi hutobolewa vitundu kufuata mistari, hubandikwa ukutani na kugongwagongwa kwa kifuko cha vumbi la mkaa, alama zikabaki. Rangi huchanganywa na maji matupu, bila gundi. Chokaa inapokauka huvuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe, na rangi hufungwa humo humo.

Muda wenyewe ni saa 6 hadi 8 hivi. Ukichelewa, rangi hainywewi tena. Inakaa juu na kupukutika. Jioni, lipu iliyobaki bila kuchorwa hukatwa kwa mshazari ili ya kesho iungane nayo vizuri. Mishono hiyo haipotei, na ndiyo iliyowawezesha wataalamu kujua kwamba Adamu wa Michelangelo alichorwa kwa siku 4.

Sanaa_Pwani:
Leonardo asingeweza mwendo huo. Mwandishi Matteo Bandello aliandika kwamba zipo siku alishika brashi tangu alfajiri hadi magharibi bila kula, na siku nyingine hakugusa rangi kabisa, alisimama akiitazama kazi yake. Kwa hiyo alitandika tabaka la chokaa, juu yake nyeupe ya risasi (rangi itokanayo na madini ya risasi), akachora ukuta ukiwa mkavu kwa rangi zilizokorogwa kwa yai na mafuta. Hivyo aliweza kurudia, kulainisha vivuli, kubadili mkono wa mtume mmoja baada ya mwezi. Lakini rangi ilikaa juu ya ukuta tu, na unyevu ulipopenya ikainuka magamba. Mwaka 1517 msafiri Antonio de Beatis alipita hapo na kuandika kwamba imeanza kuharibika. Mwaka 1652 watawa wakatoboa mlango, miguu ya Yesu ikaenda na ukuta.

Ngazi_Ndefu:
Mwanachokaa, fresko nayo ina tabu zake. Michelangelo alipokuwa kwenye sehemu ya Gharika, ukungu uliota kwa sababu lipu ya chokaa na pozolana (majivu ya volkano) ilikuwa na maji mengi mno. Condivi, mwandishi wa maisha yake, anasema alitaka kuacha kazi, mpaka msanifu majengo Giuliano da Sangallo alipomwonyesha namna ya kurekebisha.

Halafu si kila rangi huvumilia fresko. Tazama Kusulubiwa, fresko ya mchoraji Cimabue kule Assisi, Italia: nyeupe ya risasi imegeuka nyeusi, ukuta mzima unaonekana kama negativu ya picha. Nyeupe salama ni chokaa yenyewe. Udongo mwekundu na wa manjano hauna shida. Buluu ya azuriti (jiwe la buluu lililosagwa) hupakwa baada ya lipu kukauka, kwa gundi, na mara nyingi ndiyo ya kwanza kubanduka.

turubai77:
Na Venezia je?

Bi_Kitani:
Venezia fresko haidumu kwa sababu ya chumvi. Maji hupanda ukutani nayo. Yakikauka, chumvi hugeuka fuwele chini ya uso wa lipu na kuisukuma itoke. Watu wa Lamu na Unguja wanaujua vizuri ule unga mweupe. Mchoraji Giorgione alichora nje ya jengo la Fondaco dei Tedeschi mwaka 1508, na kazi yake hiyo karibu yote imepotea. Veronese alitumia rangi ya mafuta juu ya turubai iliyounganishwa vipande, mita 6.77 kwa 9.94.

Udhaifu wa turubai ni kwamba inabebeka. Mwaka 1797 askari wa Napoleon waliikata, wakaiviringisha, wakaipeleka Paris. Ipo Louvre, ikitazamana na Mona Lisa. Mwaka 1992 ilianguka ikipandishwa ukutani, ikachanika.

Mwanachokaa:
Hata hivyo dada, turubai iliyochanika hushonwa na kuzibwa. Rangi iliyopukutika hairudi. Na Leonardo alijaribu tena mafuta ukutani, Vita vya Anghiari, Firenze, 1505, ikamshinda pia. Mimi nabaki na fresko.

Sanaa_Pwani:
Kwa uimara sikupingi. Ila angalieni na alichotafuta Leonardo: ile nuru laini usoni isingepatikana kwa saa 8. Mtaalamu Pinin Brambilla Barcilon aliikarabati Karamu ya Mwisho kwa miaka zaidi ya 20, hadi 1999, akiondoa rangi za warekebishaji waliotangulia. Palipokuwa patupu alijaza rangi hafifu ya maji inayoweza kuondolewa. Siku hizi watu huingia kuitazama kwa vikundi vidogo, dakika 15 tu, kwa hiyo anza na panja la Yesu: pana tundu la msumari, na mistari ya dari na kuta zilizochorwa mle inakutania hapo.