Kamaliza kifungo Florida, haki ya kupiga kura imerudi au bado?

Nyota_ya_Jaha: Wakuu habari zenu, naomba msaada. Kaka yangu ni raia wa Marekani, alihukumiwa Florida kwa wizi, kifungo kamaliza na probesheni (kipindi cha kuangaliwa akiwa uraiani) imeisha. Uchaguzi uliopita alimpeleka shemeji kituoni yeye akabaki kwenye gari vioo kafunga, shemeji karudi kabandika ile stika ya kupiga kura kwenye dashibodi, kaka akaibandua taratibu akaitia mfukoni hakusema neno. Mi nilikuwa siti ya nyuma, iliniuma sana. Hivi haki yake imerudi?

Kibatari: Pole ndugu. 2018 wananchi wenyewe walibadili katiba ya jimbo, karibu asilimia 65 walikubali aliyemaliza adhabu arudishiwe kura, isipokuwa wa mauaji na makosa makubwa ya ngono. Ila 2019 bunge la jimbo likatunga sheria kwamba kumaliza adhabu ni pamoja na kulipa faini, gharama za mahakama na fidia zilizo kwenye hukumu, na 2020 mahakama ya rufaa ikaikubali sheria hiyo. Anadaiwa?

Nyota_ya_Jaha: Hapo ndo tumekwama, mahakamani wanataja kiasi kimoja, wakusanya madeni wanataja kingine.

mama_tatu: Jimbo halina daftari moja la hayo madeni na hili linanikera mno, unamwambia mtu lipa ndo upige kura halafu huwezi kumwambia alipe shingapi!! Mdogo wangu, asijiandikishe kwa kubahatisha. 2022 gavana DeSantis alitangaza watu 20 wamekamatwa kwa kupiga kura wakati hawaruhusiwi, na wengine walishapewa kadi za mpiga kura wakajua mambo yameisha. Aende kwa karani wa mahakama ya kaunti alikohukumiwa apewe nakala ya hukumu, alinganishe na risiti, kisha aiandikie idara ya uchaguzi ya jimbo wamjibu kwa maandishi. La simu halimlindi.

Kibatari: Na hiyo ni kura tu, kukaa kwenye baraza la mahakama (jury, raia wanaoamua kesi) au kugombea uongozi mpaka aombe kwa gavana na bodi ya msamaha. Wakati majimbo ya Maine na Vermont mtu anapiga kura akiwa ndani ya gereza!

Nyota_ya_Jaha: Asanteni sana, nakala ya hukumu hatukuwahi kuiomba, Jumatatu naenda naye. Risiti anazo zote kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, miaka yote hii hajatupa hata moja.