Mjadala: Kokoto za Rungwe zimepunjwa, au pango la India lilistahili?

Mwalimu wa Tukuyu (mleta mada)
Wana Nyanda za Juu, habari zenu. Wiki iliyopita fundi alikuwa anachimba shimo la choo nyumbani kwangu. Chini ya udongo mweusi akakuta tabaka la kokoto nyepesi, ukizitia kwenye ndoo ya maji zinaelea. Hizo zilirushwa na volkano ya Mlima Rungwe kama miaka 4,000 iliyopita.

Nikawapelekea wanafunzi. Mmoja akaniuliza swali ambalo bado linanisumbua. Mwaka 2018 wanajiolojia waliigawa Holosini, yaani miaka 11,700 ya mwisho, kuwa steji tatu, yaani vipande vitatu vya muda wa dunia. Hii tunayoishi, iliyoanza miaka 4,200 iliyopita, wameiita kwa jina la Meghalaya, jimbo la India, kwa sababu alama ya mwanzo wake iko ndani ya nguzo ya chokaa iliyoota kwenye pango la Mawmluh. "Mwalimu, mbona haikuwa ya Rungwe?"

Mimi naona tumepunjwa. Nguzo moja ya pangoni itaamuaje muda wa dunia nzima, na mlipuko wetu unaonekana hata kwa jembe? Nibisheni.

Kijana wa Soweto, Mbeya
Wenzetu wamepata steji, sisi tumepata choo 😂

Mpimaji wa Chunya
Mwalimu, shikamoo. Ukubwa wa tukio haupewi steji. Steji hufafanuliwa kwa kitako chake tu: nukta moja, kwenye tabaka moja, mahali pamoja. Juu hawaweki kitu, inaishia pale kitako cha inayofuata kinapoanzia. Sisi kwenye viwanja tunasimika bikoni kila pembe. Wao wanasimika ya chini, ya juu ni ya jirani.

Nukta hiyo wanaiita msumari wa dhahabu. Wa kwanza ulipitishwa 1972 kule Klonk, enzi hizo ikiwa Chekoslovakia, kwa mwanzo wa Devoni, kipindi cha kale cha dunia. Matabaka ya mahali hapo yasiwe na pengo wala kuvurugwa, na mtafiti yeyote aweze kufika kuyakagua. La muhimu kuliko yote, alama yake ifuatike mbali: kisukuku cha kiumbe aliyesambaa baharini, sumaku ya dunia kugeuka, kemia kubadilika. Sasa mtu wa Peru atazitafuta wapi kokoto za Rungwe?

Binti wa Iringa
Maneno matamu hayo, lakini hilo pango limefaulu mtihani huo? Alama yake ni mvua za monsuni kudhoofika. Wapo wanaakiolojia waliopinga dai kwamba ukame wa wakati ule uliangusha staarabu kila mahali. Steji nyingine mbili za Holosini misumari yake haiko hata kwenye mwamba, iko kwenye barafu iliyochimbwa Greenland na kutunzwa kwenye baridi huko Denmark. Nenda kakague!

Halafu Machi 2024 hao hao wakaikataa Anthroposini, enzi mpya ya binadamu iliyopendekezwa kuifunga Holosini, kura 12 kwa 4. Plutoniamu ya majaribio ya mabomu ilianguka dunia nzima, na tope la ziwa Crawford, Kanada, walipotaka kuweka msumari wake, linasomeka mwaka kwa mwaka. Ya pangoni inapita, iliyoenea kote inagonga mwamba. Mniambie kuna sheria hapo.

Mpimaji wa Chunya
Dada, hapo umenibana. Ila plutoniamu haikuwa kikwazo kikubwa. Wengi waliona kuianza enzi hiyo 1952, kama ilivyopendekezwa, ni kuchelewa mno, binadamu alishafyeka misitu na kulima maelfu ya miaka kabla. Wangeomba steji peke yake ndani ya Holosini, bila kuifunga Holosini yenyewe, mimi ningewapa kura.

Mzee wa Kiwira (nilichimba makaa)
Msiyadharau majivu, wanangu. Kule Meishan, China, kwenye mwanzo wa Triasi, kipindi kingine cha kale, msumari umewekwa pale kinapojitokeza kisukuku kidogo mfano wa jino. Lakini hiyo miaka karibu milioni 252 mnayoisoma vitabuni imepimwa kwenye majivu ya volkano yaliyolala jirani na msumari. Kisukuku kinaonyesha mahali, majivu yanatoa umri. Vipimo vikiboreshwa umri unasahihishwa, msumari haung'olewi. Mwalimu anavichanganya hivi viwili, na mpimaji naye anavichanganya kwa upande wa pili.

Mwalimu wa Tukuyu
Ndaga fijo, mzee. Basi narudi nyuma hatua moja: sidai tena jina la steji. Nadai kokoto zetu zitumike kama saa. Majivu ya mlipuko ule yamo pia kwenye tope la Ziwa Masoko, na tope hilo limeshachorongwa na kusomwa kurudi nyuma miaka kama 45,000. Mtu akibishana kuhusu ukame wa miaka 4,200 iliyopita, aanze na hapo aone huku kwetu mvua ilifanya nini, kabla ya kutusemea kutoka pangoni.

Kuhusu Anthroposini niko na binti wa Iringa, sijashawishika.

Shimo bado liko wazi. Fundi anaanza kujengea Jumatatu, anayetaka kupiga picha tabaka awahi, na aje na ndoo.