Uzi na sindano si teknolojia? Nani kawadanganya?

Wakuu, nimechoka. Kila ukizuka ubishi wa uvumbuzi gani umebadilisha zaidi maisha ya binadamu, majibu ni yale yale: simu, umeme, ndege, intaneti. Akitokea mjuaji kidogo anataja gurudumu ili aonekane kasoma. Kisha yanafuata majina, Edison, Watt, Gutenberg. Kitu kisicho na jina la mzungu wala hati miliki hakihesabiwi.

Kilichonipandisha presha ni mdahalo wa sekondari niliohudhuria juzi (shule siitaji). Binti wa kidato cha tatu kasimama, kasema bila kutetereka: uzi na sindano. Ukumbi ukaangua kicheko. Jaji, mtu mzima na tai yake shingoni, akamwambia hapa tunaongelea teknolojia, siyo mambo ya cherehani. Akamminya alama. Aliyeshinda ni wa simu janja! Kitu ambacho babu zetu hawakukijua, na bado walivuka bahari.

Walivuka na nini? Na uzi, ndugu zangu. Mtepe, mashua ya kale ya pwani yetu, ulishonwa ubao kwa ubao kwa kamba ya nazi, bila misumari ya chuma. Mfanyabiashara wa Kigiriki aliyeandika habari za bahari hii karne ya 1 alishazitaja mashua za kushonwa huku kwetu. Na hiyo kamba haiokotwi. Nenda Jambiani au Paje uone akina mama wanavyofukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani, wanayakandamiza kwa mawe yasichukuliwe na maji, yanakaa miezi mpaka yaoze. Wanayafukua yananuka hasa, wanayaponda kwa gongo mpaka zibaki nyuzi tupu, wanaziosha, wanazianika, ndipo waanze kusokota kwa viganja. Huyo jaji apewe kumbi moja tu tumuone.

Enyi wa gurudumu, magari ya magurudumu yana miaka kama 5,500. Ufaransa, kwenye makazi ya kale ya Abri du Maras, kimepatikana kipande cha kamba ya nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja, kazi ya Neanderthal (jamii ya binadamu wa kale waliokwishatoweka), umri wake ni zaidi ya miaka 40,000. Bila kamba hakuna wavu, hakuna mtego, upinde hauna ugwe, tanga halipandi. Pamba, kitani na sufu huoza, mawe yanabaki, ndiyo maana tunaambiwa "Zama za Mawe" kana kwamba watu walivaa mawe.

Na hayo Mapinduzi ya Viwanda mnayoyaimba na injini ya mvuke ya Watt? Chanzo kikubwa kilikuwa uhaba wa uzi. Mwaka 1733 John Kay alibuni chombo cha kurusha uzi kwenye kitanda cha mfumi (mtambo wa kufumia nguo), mfumi akaenda kasi, wasokotaji wakashindwa kumlisha. Ndipo zikaja mashine za kusokota za Hargreaves na Arkwright, na Lancashire huko Uingereza ikageuka shimo la kumeza pamba ya dunia nzima. Sehemu kubwa ya pamba hiyo ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani. Njaa hiyo hiyo ya pamba ikawatia tamaa Wajerumani, wakaja kuwalazimisha watu wetu kuilima, na Julai 1905 Wamatumbi wakaing'oa pale Nandete. Majimaji ikaanzia hapo. Halafu mtu ananiambia uzi ni mambo ya cherehani!

Wenye Toyota zenu nanyi tulieni. Sakichi Toyoda alikuwa mtu wa mashine za kufuma nguo. Mwaka 1929 haki za mashine yake ziliuzwa kwa kampuni ya Uingereza, Platt Brothers, na ndipo mwanawe Kiichiro akaanza kuhangaika na magari. Hiyo IST unayoitamba nayo bibi yake ni kitanda cha mfumi.

Nawasikia wa kompyuta wanakohoa. Kadi za matundu zilizozipa kompyuta za mwanzo maagizo zilikuwa za Mfaransa Jacquard, 1804, za kuongoza michoro ya hariri kwenye mtambo wa kufuma, Babbage, Mwingereza aliyebuni mashine ya kukokotoa, akaziazima tu. Na programu ya chombo cha Apollo kilichokwenda mwezini ilifumwa kwa mikono ya wanawake kiwandani Waltham, Massachusetts. Waya ukipita ndani ya kijiduara cha sumaku ni moja, ukipita nje ni sifuri, na hizo moja na sifuri ndizo lugha ya kompyuta. Sindano na waya, wakuu, mpaka mwezini.

Hoja yangu ni hiyo. Tunapanga uvumbuzi kwa kuangalia nani kapigwa picha akiwa nao, na kazi iliyofanywa na wanawake wengi kwa maelfu ya miaka tunaiita kazi ya nyumbani. Anayebisha alete hoja, matusi abaki nayo kwake.