Nataka kumpeleka mama mkwe Dodoma akaone mizabibu na kuonja divai, nianzie wapi?

Dada_Kihonda

Habari zenu wapendwa. Naombeni msaada kwa wanaoijua Dodoma, hasa huko vijijini kwenye mashamba ya zabibu.

Mama mkwe wangu ana miaka 68. Kwa miaka 22 amekuwa akifua vitambaa vya altare parokiani kwetu hapa Morogoro. Kinachompa kazi zaidi ni kile kidogo cha kufutia kalisi, kile kikombe cha divai ya Misa, maana divai ikikaukia pale doa halitoki kirahisi. Nimemwangalia mara nyingi. Anakiloweka kwenye beseni lake la pekee, na yale maji ya kwanza hayamwagi karoni. Anayapeleka kwenye shina la mpera nyuma ya sakristia, anayamimina taratibu, ndipo anarudi kuanza kufua. Mwezi uliopita tulikuwa tunaanika pamoja, akaniambia, "Mwanangu, nimefua divai miaka yote hii na mzabibu wenyewe sijauona."

Neno hilo limenikaa moyoni. Nimeanza kuweka akiba.

Natafuta shamba dogo, mwenye shamba akiwepo mwenyewe, si kiwanda kikubwa cha kupita na kundi la wageni. Twende mwezi gani ili akute zabibu ziko mtini? Magoti yanamsumbua, hawezi kutembea sana. Halafu hili la kuonja: sisi si wanywaji, na mama anaogopa asije akaonekana mlevi, au tukashika glasi vibaya watu wakatushangaa. Watu wanaonjaje? Na mwanangu wa miaka 6, naweza kwenda naye?

Konda_Mstaafu

Dada, la usafiri nitakusaidia. Pandeni treni ya umeme hapo hapo Morogoro, tangu mwaka 2024 inafika Dodoma. Magoti ya mama hayataki kukunjwa kwenye basi.

Mkifika msihangaike na bodaboda. Kodini bajaji au teksi ya siku nzima na mpatane bei kabla hamjapanda, pamoja na muda wa kuwasubiri. Zabibu ziko pande nyingi: Hombolo kule kwenye bwawa, Veyula na Makutupora barabara ya Arusha, Bihawana na Mpunguzi barabara ya Iringa. Chagueni upande mmoja tu. Wageni wengi wanataka vyote siku moja, wanaishia kuona vumbi.

Mzee_wa_Mpunguzi

Mwanangu, nimelima zabibu tangu nikiwa kijana na sasa nina ekari mbili na chumba kidogo cha kutengenezea mvinyo. Swali lako limenigusa, nitakujibu kwa urefu.

Njooni mwishoni mwa Agosti au Septemba. Huku tunavuna mara mbili kwa mwaka kwa sababu mzabibu wetu haulali kama wa Ulaya kwenye baridi. Wewe ndiye unayeuamsha kwa kupogoa, na baada ya miezi kama minne unavuna. Mavuno ya Machi yanakutana na mvua. Zabibu zinanywa maji, ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu, unashambulia majani, na utamu unapungua. Za Agosti na Septemba zimekaa juani bila mvua, ndizo ninazojivunia. Mje asubuhi na mapema, tunavuna kabla jua halijawa kali.

Sasa kuhusu kuonja. Nawaomba sana msianzie kwenye glasi. Anzieni shambani. Mama achume punje moja ya aina tunayoiita Makutupora, ile nyeusi, aibinye kwa kidole gumba. Ataona maji yake hayana rangi, ni kama maji ya mua. Rangi yote iko kwenye ganda. Ndiyo maana mvinyo mwekundu tunauchachusha pamoja na makapi yake, na makapi yanapanda juu, tunayasukuma chini kwa mti asubuhi, mchana na jioni, hata usiku. Mweupe tunaukamua kwanza, makapi tunayatoa. Halafu atafune lile ganda na kokwa. Atasikia ukakasi unashika ulimi kama bibo la korosho. Huo ukakasi akiukuta baadaye kwenye glasi ataujua unatoka wapi, na hapo atakuwa ameshaonja kuliko wengi wanaokuja na magari makubwa.

Kwenye glasi ni hivi. Mnapewa kidogo, vidole viwili hivi. Shika glasi kwenye mguu wake ili mkono usiupashe mvinyo moto. Iinamishe juu ya kitambaa cheupe uone rangi. Nusa. Ukinusa siki, mvinyo umeharibika. Ukinusa yai bovu, uchachushaji ulikuwa na tatizo. Kisha nywa kidogo, uzungushe mdomoni, usikilize ugwadu kwenye ulimi na ukakasi kwenye ufizi. Kutema kwenye ndoo kunaruhusiwa na wala si utovu wa adabu, hata sisi tunatema tunapopima matangi. Anzeni na mweupe mkavu, yaani usio mtamu, mfuate mwekundu, mtamu uwe wa mwisho, kwa sababu ukianza na mtamu mingine yote itakuwa kama dawa. Kati ya mmoja na mwingine mnakunywa maji na kula karanga au kipande cha mkate. Na mle chakula kabla ya kuja.

Mama asiogope kuonekana mlevi. Mwambieni huku kwetu zabibu ilikuja kwa ajili ya kazi yake yeye. Wamisionari wa Kiitaliano walipanda mizabibu pale Bihawana miaka ya 1950, wakihitaji divai ya Misa. Kanisa linataka divai ya asili, ya tunda la mzabibu, isiyoharibika. Kwa hiyo aulize swali moja kila atakapoonja: "Hapa mmeongeza nini?" Mwenye shamba mkweli atamwambia kama ameongeza sukari au hakuongeza. Mvinyo mtamu wa dukani unapendwa na si dhambi kuupenda, lakini mimi huwa nasikitika mtu anaposema Dodoma hakuna mvinyo mkavu. Upo, ila wachache wanauulizia.

Mtoto aje. Mvinyo hapati, lakini nitamkamulia juisi, na pembeni nina mipera, mipapai na mikomamanga. Asiingie tu kwenye chumba cha matangi wakati wa kuchachusha. Zabibu zikichemka zinatoa hewa ukaa, inakaa chini karibu na sakafu, na mtoto ni mfupi. Sisi wenyewe hatuingii mlango ukiwa umefungwa.

Jambo la mwisho, hili ni la moyoni. Mkipenda mvinyo wa mkulima, nunueni kwake hata chupa moja. Kuna msimu mnunuzi mmoja alituahidi kuchukua mzigo wote, tukavuna, kreti zikakaa chini ya mwembe siku mbili, nyuki wakajaa, hakuja. Zabibu si mahindi, huwezi kuziweka ghalani. Nililia mbele ya wanangu. Msimu uliofuata ndipo nikaanza kutengeneza mvinyo mwenyewe.

FundiFriji_Tabata

Mzee amemaliza kila kitu, shikamoo mzee. Mimi naongeza la chupa.

Mwaka juzi nilinunua lita tano kwa mtu kijijini, za kwenye dumu la maji, bado zinatoa mapovu madogo. Akasema hayo ni mapovu ya kawaida. Nikaweka kwenye buti, nikaendesha mchana kutwa hadi Dar. Karibu na Chalinze nikasikia mlio. Mvinyo ulikuwa haujamaliza kuchachuka, joto la buti likaongezea, dumu likapasuka, na nguo za harusi ya mdogo wangu zilikuwa humo humo. Nunueni uliokwisha tulia na kuchujwa, kwenye chupa iliyofungwa vizuri yenye nembo ya TBS, shirika la viwango. Na kwenye safari usikae juani.

Na mwenye kuendesha atumie ndoo ya kutemea, au anywe juisi na mtoto.

Dada_Kihonda

Shikamoo mzee wangu. Nimemsomea mama ujumbe wako wote. Ulipofika pale pa Bihawana alinyamaza, akaniambia nirudie. Tumekubaliana Septemba. Nimekuandikia pembeni.

Mzee_wa_Mpunguzi

Marahaba mwanangu. Nimeuona. Nitawawekea kiti shambani, mama hatatembea hatua hamsini.

Dada_Kihonda

Wapendwa, tumerudi juzi. Naandika kwa sababu mlitusaidia, na labda kuna mwingine anapanga kwenda.

Tulifika shambani saa moja na nusu asubuhi. Wanawake wa pale wakampokea mama kwa "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, naye akaitikia alivyofundishwa na dereva wa bajaji. Mzee alikuwa ameweka kiti cha mbao katikati ya mistari miwili ya mizabibu, vichala vinaning'inia usawa wa uso wake. Mama hakuchuma mara moja. Alikishika kichala kwa chini, kama anavyoshika kitambaa chenye maji, akakigeuza huku na huku. Kuna ule unga mwembamba wa kijivu juu ya ganda. Akaufuta kwa kidole, weusi ukang'aa. Ndipo akachuma moja, akaibinya, akanionyesha. "Maji matupu." Akabinya tena akisugua ganda kwenye kiganja, na safari hii mstari wa zambarau ukabaki mkononi. Akautazama muda mrefu. Aliniambia, "Ndilo lile doa."

Mzee alitupa kifaa cha kupimia utamu. Unadondoshea tone la maji ya zabibu, unakielekeza kwenye mwanga na kuchungulia kama darubini, unaona mstari unapoishia kwenye namba. Mwanangu hakutaka kukiachia.

Kuonja tulionja chini ya mwembe, mivinyo mitatu. Mweupe wa zabibu za Chenin Blanc ulinishangaza mimi, una ugwadu kama pera ambalo halijaiva sawasawa, na mzee alituletea mapera kweli tukalinganisha. Mama aliupenda mwekundu mkavu. Nilidhani ataukunja uso. Aliuzungusha mdomoni kama alivyoelekezwa, akameza, akasubiri, akasema ukakasi ni ule ule wa ganda. Hakutema hata mara moja, na alipomaliza vile vidole viwili vyake aliomba maji, basi. Aliuliza pia lile swali, "Hapa mmeongeza nini?" Mzee akamjibu: chachu tu kwenye mwekundu, na sukari kwenye ule mtamu.

Tulinunua chupa tatu. Zilisafiri chini ya kiti cha treni zimefungwa kwenye kanga.

Sasa nina swali jingine. Mzee alimpa mama pingili nne za mzabibu, na mama anataka kuzipanda pale nyuma ya sakristia, chini ya ule mpera anapomwaga maji. Zitaota hapa Morogoro?

Mzee_wa_Mpunguzi

Zitaota mwanangu, kuota si tatizo. Tatizo la kwenu ni mvua na unyevu, ubwiri utazitafuta. Kwa hiyo msizipande chini ya mpera. Mzabibu unataka jua la kutwa na upepo upite katikati ya majani. Tafuteni upande wa ukuta unaopata jua tangu asubuhi, hata kama ni hatua kumi kutoka kwenye mpera. Maji yake mama anaweza kuyabeba hatua kumi.

Kila pingili iwe na macho manne, mawili yafukiwe, mawili yabaki juu. Angalieni macho yanaelekea juu, msiipande kichwa chini. Mwagilieni bila kutuamisha maji. Zikichipua acheni chipukizi moja tu lililo imara, mlifunge kwenye mti. Mwaka wa kwanza msitegemee zabibu, na likitokea ua litoeni ili mizizi ishike.

Majani yakianza kuonyesha unga mweupe, piga picha juu na chini ya jani ulete hapa siku hiyo hiyo.